Siku nzima Bonn kwa miguu, taratibu, mto ukiwa pembeni yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wa kwetu wanaofika Bonn hawaji kutalii. Wanakuja kwa mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa ambayo hufanyika hapa mwezi Juni, au wameletwa na DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi), au mafunzo ya DW Akademie (kitengo cha mafunzo ya habari cha redio ya Deutsche Welle), au wanapita ofisi za wale wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, halafu ratiba ikiisha wanabakiwa na siku moja tupu mkononi na swali la kwanza wanalouliza ni treni ya kwenda Cologne inapatikana wapi. Haya majibu ni kwa ajili yao, na kwa ndugu na jamaa wanaokuja kutembelea watu wao huku.

Kwani Bonn kuna nini cha kuangalia siku nzima? Si bora niende tu Cologne?

Cologne ni nzuri, lile kanisa lake ukilikuta mbele yako unatokea stesheni unaduwaa kweli, sibishi. Lakini Cologne kwa siku moja utaishia kusukumana na watu. Bonn ina watu laki tatu na kitu tu, katikati ya mji magari yamezuiwa sehemu kubwa, kila kitu kinafikika kwa miguu na mto upo hapohapo, dakika kumi na tano kutoka stesheni kuu. Halafu huu ndio mji uliokuwa makao makuu ya Ujerumani Magharibi kuanzia 1949, na hata baada ya nchi kuungana 1990 wabunge waliamua kwa kura tarehe 20 Juni 1991 kuhamia Berlin na bado ikachukua mpaka 1999 ndio bunge na serikali wakahama. Yaani maamuzi mengi ambayo babu zetu waliyasikia redioni yakitajwa kama "serikali ya Bonn" yalifanyika kwenye majumba ambayo leo unayapita kwa miguu. Kwa hiyo jibu langu ni baki Bonn, Cologne iwekee siku yake.

Nafikaje mjini?

Ukitua uwanja wa ndege wa Köln/Bonn (Köln ndio Cologne kwa Kijerumani) kuna basi la SB60, linakushusha stesheni kuu ya Bonn, kama nusu saa hivi. Ukitua Frankfurt panda treni ya kasi ya ICE palepale uwanjani mpaka Siegburg/Bonn, ni kama dakika arobaini, halafu pale unashuka chini unachukua tramu namba 66, dakika ishirini na tano hivi uko mjini. Wengi hukosea hapa wakidhani Siegburg ndio Bonn yenyewe, hapana, ni mji mwingine ng'ambo ya mto. Ukitokea Cologne treni ni nusu saa tu na zipo nyingi.

Tiketi kata kabla hujapanda, na kama ni ile ya kugongwa kwenye kimashine hakikisha umeigonga. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kama abiria, na ukikutwa huna tiketi faini ni yuro 60, kusema wewe mgeni hakusaidii.

Na viza?

Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda, Mkongo, wote mnahitaji viza ya Schengen kwa safari fupi, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifidie angalau yuro 30,000. Omba mapema, tafadhali sana, miadi ya ubalozini inajaa hasa kuelekea miezi ya joto.

Nianzie wapi asubuhi?

Anzia stesheni kuu, vuka barabara uingie mjini na ndani ya dakika tano uko Münsterplatz, uwanja mpana wenye sanamu ya Beethoven katikati na kanisa la Münster pembeni. Fika mapema, kama saa tatu asubuhi, kabla maduka hayajachangamka, ukae hata kwenye benchi uangalie mji unavyoamka.

Kanisa la Münster lilijengwa kuanzia karne ya 11 hadi ya 13 na kuingia ni bure. Linahusishwa na wafiadini wawili, Cassius na Florentius, askari wa Kirumi ambao kwa mapokeo waliuawa kwa sababu ya imani yao ya Kikristo, na ndio watakatifu walinzi wa mji. Nje utaona vichwa viwili vikubwa vya mawe vimelala chini, watoto wanavipanda kucheza, hao ndio wenyewe. Ukiwa ndani usikose ile bustani ndogo ya ua wa ndani, imezungukwa na nguzo na matao, ukelele wa mji unakatika kabisa hapo. Hata kama wewe si Mkristo hapo pa kukaa panakufaa.

Hii habari ya Beethoven ni ya kweli au ni biashara tu?

Ni ya kweli. Ludwig van Beethoven alizaliwa Bonn Desemba 1770, alibatizwa tarehe 17, na nyumba aliyozaliwa bado ipo mtaa wa Bonngasse, leo ni makumbusho. Iliponea chupuchupu, mwaka 1889 wananchi kumi na wawili wa mji waliungana wakainunua wasije watu wakaibomoa. Mimi hicho ndicho kinachonigusa kuliko hata nota zenyewe, watu wa kawaida wametoa hela zao mfukoni kuokoa nyumba ya fundi muziki aliyeondoka mjini kwao tangu 1792 kwenda Vienna na hakurudi tena kuishi. Ndani kuna piano yake ya mwisho na zile pembe za shaba alizokuwa anaweka sikioni uziwi ulipomzidia. Zitazame hizo pembe kwa utulivu. Huyu mtu alikuwa anatunga muziki mkubwa kabisa huku hasikii.

Ile sanamu ya Münsterplatz nayo ina kisa chake. Ilizinduliwa Agosti 1845, wakaja wakubwa, mfalme wa Prussia na Malkia Victoria wa Uingereza wakawekwa kwenye roshani ya jumba lililopo nyuma (lile la rangi ya manjano, lilikuja kuwa posta), kitambaa kilipovutwa ikaonekana Beethoven amewapa mgongo. Ukisimama pale utaona mwenyewe ilivyokuwa, sanamu inatazama uwanja, jumba liko nyuma yake.

Kuna soko?

Lipo, na ndilo la kuliendea baada ya hapo. Markt ni uwanja mwingine dakika tatu mbele, wenye soko la matunda na mboga Jumatatu mpaka Jumamosi. Mwezi Mei na Juni nunua stroberi na cheri, zinauzwa kwa vikapu vidogo, zinatosha kuwa chakula cha njiani. Wauzaji wanaita wateja kwa sauti, jambo ambalo kwa Wajerumani si la kawaida, watu wa ukanda huu wa Rhine ni wachangamfu kuliko sifa ya Ujerumani tuliyoizoea.

Mwisho wa uwanja kuna jengo la zamani la manispaa, Altes Rathaus, la karne ya 18, rangi ya waridi na ngazi mbili za nakshi za dhahabu. Kwenye ngazi hizo walisimama Charles de Gaulle wa Ufaransa 1962, John F. Kennedy wa Marekani Juni 1963, Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti Juni 1989, miezi michache tu kabla ukuta wa Berlin haujaanguka. Unaweza kukaa kwenye kafe mbele ya ngazi na kikombe cha kahawa bila mtu kukusukuma, hakuna uzio wala foleni.

Ukiona nyumba nyingi katikati ya mji ni za kisasa usishangae, Bonn ilipigwa mabomu vibaya tarehe 18 Oktoba 1944. Vingi unavyoona vya zamani vilijengwa upya.

Mto uko wapi sasa?

Shuka tu. Kutoka Markt ni dakika kumi kwenda Alter Zoll, ngome ya zamani iliyobaki juu ya ukingo, ina miti mikubwa, mizinga miwili na benchi. Pale ndipo unapouona Rhine kwa mara ya kwanza, na ng'ambo kwa mbali upande wa kusini ile safu ya vilima vya Siebengebirge. Mto huu unatoka milima ya Alps Uswisi unasafiri kama kilomita 1,230 mpaka Bahari ya Kaskazini, na Bonn ndipo unapotoka kwenye mabonde ya mizabibu na kuingia tambarare.

Kaa hapo. Nasema kaa kwa sababu wageni wengi wanapiga picha mbili wanaondoka. Rhine si mto wa kutazamwa tu kama picha, ni barabara. Kila baada ya dakika chache inapita meli ndefu ya mizigo imebeba makaa, kokoto, mafuta, makontena, bendera ya Uholanzi au Ubelgiji au Uswisi nyuma, na nyingi familia ya nahodha inaishi humohumo, utaona gari lao dogo limeegeshwa juu ya meli, nguo zimeanikwa, wakati mwingine mpaka baiskeli ya mtoto. Zinazopanda kwenda kusini zinapambana na mkondo zinajikongoja, zinazoshuka zinapita mbio. Mtu aliyekulia Mwanza, Kigoma au Mombasa akikaa pale nusu saa ataelewa mambo mengi ya uchumi wa nchi hii bila kusoma kitabu.

Kutembea kwenyewe ni kutoka wapi mpaka wapi?

Hii ndiyo sehemu tamu ya siku. Kutoka Alter Zoll shuka mpaka njia ya kando ya maji, geuka kulia, mto ubaki mkono wako wa kushoto, tembea kwenda kusini mpaka bustani ya Rheinaue. Ni kama kilomita tatu, njia ni tambarare, imepangwa miti, ina benchi kila mahali, hata mtu mzima mwenye magoti mabovu anaifanya akipumzika pumzika. Ukienda bila haraka ni saa moja na nusu, mimi ningekushauri uipe mbili.

Njiani upande wa kulia juu utapita Villa Hammerschmidt, nyumba nyeupe ambayo bado ni makao ya pili ya Rais wa Ujerumani, halafu Palais Schaumburg ambapo makansela, yaani wakuu wa serikali, walifanyia kazi tangu Konrad Adenauer mpaka 1976. Hapa simama kidogo Mtanzania wewe. Mwaka 1965, Ludwig Erhard akiwa kansela, serikali ya Bonn ilikasirika kwamba Tanzania, baada ya Muungano, imeiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua konsulati kuu Dar es Salaam, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakubembeleza, akawajibu basi na misaada yao mingine ya serikali wachukue. Nchi changa, maskini, haina hata miaka minne ya uhuru, imekataa kuchaguliwa marafiki. Wajerumani wengi wanaopita hapa na mbwa wao hawaijui habari hiyo, sisi tuijue, na tuwasimulie watoto tukiwa tumesimama mahali penyewe.

Mbele kidogo ni bunge la zamani, jengo jeupe la madirisha mengi linalotazama maji, Bundestag (bunge lenyewe) ya kwanza ilikutana humo Septemba 1949. Jengo lilikuwa chuo cha walimu, kila mtu alidhani ni kwa muda mfupi, makao makuu yangerudi Berlin karibuni. Muda mfupi ukawa miaka hamsini. Baada ya hapo mnara wa Langer Eugen ambao zamani ulikuwa ofisi za wabunge na sasa ni Umoja wa Mataifa, sekretarieti ya tabianchi iko eneo hilo, na ule mnara wa vioo wa Post Tower wenye mita zaidi ya 160 ambao utakuwa umeuona tangu asubuhi.

Deutsche Welle si iko hapo pia? Naweza kuingia?

Ndiyo, iko hapohapo, jirani na Langer Eugen na Post Tower. Idhaa ya Kiswahili inatangaza kutoka kwenye majengo hayo. Wazee watakumbuka miaka mingi ilikuwa "kutoka Cologne", ni kweli, DW ilikuwa Cologne mpaka 2003 ndipo ikahamia Bonn. Kuingia ndani huwezi hivihivi, lazima uwe na miadi au kundi lililopangiwa ziara. Lakini kwa mtu aliyekua anasikiliza redio ya mkulima ya betri na babu yake kijijini, kusimama tu nje ya jengo lenye hiyo nembo ni jambo.

Jengo lenyewe lina historia ya maji. Lilianzwa kujengwa 1989 liwe ofisi za wabunge, Desemba 1993 Rhine ikafurika, maji yakaingia chini ya msingi yakanyanyua sehemu ya jengo lililokuwa halijaisha, zege lote lile. Kesi na matengenezo vikachukua miaka, wabunge wakawa wameshahama, ndipo likapewa DW. Kwa hiyo ukiona mto umetulia mwezi wa saba usiudharau.

Rheinaue ni nini hasa?

Bustani kubwa ya mji, hekta kama 160, ilifunguliwa 1979 kwa maonyesho ya kitaifa ya bustani. Ina ziwa, bustani ya Kijapani, viwanja vya watoto, nyasi za kulala. Jumamosi ya tatu ya mwezi kuanzia Aprili hadi Oktoba kuna gulio kubwa la mitumba na vitu vya zamani, watu wanakuja toka mbali, na wikiendi za joto familia zinachoma nyama sehemu zilizoruhusiwa, utasikia Kituruki, Kiarabu, Kirusi, Kifaransa cha Kikongo, na Kiswahili kikipita pia usigeuke kwa mshtuko.

Ukichoka panda juu mpaka kituo cha Heussallee/Museumsmeile, tramu za chini ya ardhi 16, 63 na 66 zinakurudisha mjini kwa dakika chache. Hapohapo kituoni kuna Haus der Geschichte, makumbusho ya historia ya Ujerumani tangu vita kuu ya pili, kiingilio bure, Jumatatu imefungwa kama makumbusho mengi. Mvua ikikukuta, kimbilia humo.

Nile wapi na nile nini?

Chakula cha kwao cha ukanda huu: Sauerbraten ya Rhine, nyama iliyolowekwa siku kadhaa kwenye siki na viungo ikapikwa mpaka ikalainika, mchuzi wake una zabibu kavu na utamu fulani, zamani ilikuwa ya farasi, siku hizi karibu kote ni ya ng'ombe, uliza tu. Reibekuchen ni viazi vilivyokunwa vikakaangwa kama chapati ndogo nene, unakula na tufaha lililopondwa, vinauzwa mpaka vibandani. Himmel un Ääd ni viazi vilivyopondwa na tufaha, juu wanaweka soseji ya damu.

Saa tisa, saa kumi jioni ni wakati wa kahawa na keki, na hili Wajerumani wanalichukulia kwa uzito, wewe pia lichukulie hivyo. Agiza keki ya matunda ya msimu, sio ile ya kiwandani.

Wanywaji, bia ya hapa ni Kölsch na Bönnsch, glasi ndogo. Kwenye baa za kienyeji mhudumu anaendelea kuleta nyingine bila kuulizwa mpaka uweke kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi juu ya glasi yako. Weka mapema kama umetosheka.

Sisi Waislamu je?

Soseji za damu na nguruwe ziko kwenye vyakula vingi vya kienyeji, hata kwenye supu ya dengu au viazi vya kukaanga wanatia vipande vya nguruwe, kwa hiyo uliza kila mara. Migahawa ya Kituruki, Kisiria na Kimoroko ipo mjini, na ukitaka uhuru wa kuchagua nenda Bad Godesberg kusini mwa mji, Waarabu ni wengi kule na halali iko wazi. Misikiti ipo, mmoja upande wa Beuel, sehemu ya Bonn iliyo ng'ambo ya mto. Mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo sala ya Magharibi inachelewa sana, ipangilie siku yako mapema.

Maji na choo?

Maji ya bomba ni safi, yanywe, beba chupa yako. Ukinunua ya dukani chupa ya plastiki ina amana ya senti 25, irudishe kwenye mashine ya supamaketi upate hela yako, usiitupe. Kama huna muda iache pembeni ya pipa sio ndani, kuna watu wanaishi kwa kuokota hizo na ni ustaarabu kuwarahisishia.

Choo ni cha kulipia sehemu nyingi, senti 50 mpaka yuro moja, weka sarafu mfukoni. Ukiwa umekaa mgahawani tumia cha hapo kabla hujaondoka, maana kwenye njia ya mtoni utatembea kitambo bila kukiona.

Siku gani ya wiki ni nzuri?

Jumamosi kama unataka soko na watu. Jumapili maduka na supamaketi zinafungwa, zote, hata sabuni hupati isipokuwa stesheni na vituo vya mafuta, lakini kwa kutembea Jumapili ni nzuri mno, mji mzima unakuja mtoni, wazee, vijana, watoto kwenye baiskeli za magurudumu matatu. Nunua mahitaji Jumamosi jioni. Jumatatu ikwepe ikiwa makumbusho ndiyo lengo.

Na msimu gani?

Katikati ya Aprili mitaa ya Heerstraße na Breite Straße, kaskazini kidogo mwa katikati ya mji, inafunikwa na maua ya micheri ya Kijapani, matawi ya pande mbili yanakutana juu yanakuwa paa la rangi ya waridi. Ni wiki mbili hivi tu, na hali ya hewa ndiyo inayoamua ni zipi. Nenda asubuhi na mapema, kufikia saa nne mtaa umejaa kamera. Na kumbuka hiyo ni mitaa watu wanaishi, usipande kwenye baraza za nyumba zao kupiga picha.

Mei mpaka Septemba ni nzuri yote. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, lakini kuna soko la Krismasi pale Münsterplatz. Februari au Machi ukiikuta Karnevali, sherehe za mitaani za kabla ya Kwaresima, utakuta mji umegeuka mwingine kabisa, na Alhamisi ya wanawake, siku ambayo wanawake wanashika mji na kukata tai za wanaume, asili yake ni Beuel hapa hapa. Mwaka 1824 wanawake madobi wa Beuel waliokuwa wanafua nguo za matajiri mtoni waliamua nao wawe na chama chao na siku yao, waume walikuwa wanakwenda kusherehekea Cologne wao wamebaki na ndoo. Mpaka leo Beuel inachagua binti-mfalme wa madobi kila mwaka.

Kuvuka daraja kwenda Beuel kuna maana?

Kuna maana kubwa, mji unaonekana vizuri zaidi kutoka ng'ambo. Daraja la Kennedy ni la kutembea dakika tano sita. La kwanza lilijengwa 1898 kwa hela za Bonn peke yake kwa sababu Beuel walikataa kuchangia, basi Bonn wakaweka sanamu ndogo ya mawe darajani, kijitu kimewainamishia Beuel makalio. Daraja hilo lilivunjwa Machi 1945 vita vikiisha, la sasa ni la 1949, na kijitu kikaopolewa kikawekwa tena. Vuka mchana ukishuka upande wa pili ukae kwenye bustani za bia na juisi kando ya maji, jua la jioni linakuja usoni kwako na minara ya Bonn inakuwa mbele yako. Mimi siku ikiwa moja tu ningemalizia hapo.

Kuna hatari gani?

Usiogelee Rhine, hata miguu usiingize mbali. Juu maji yanaonekana yamelala lakini chini mkondo una nguvu na meli zikipita zinavuta maji halafu zinayarudisha kwa wimbi, kila kiangazi mto huu unaua watu, na wengine walikuwa waogeleaji wazuri. Watoto washike mkono kwenye zile fukwe ndogo za kokoto.

Lingine ni baiskeli. Njia nyingine zimegawanywa, yenye alama ya baiskeli si yako, zinakuja kwa kasi na kimya. Na kwenye taa za waenda kwa miguu subiri kijani hata kama gari halipo, hasa kukiwa na watoto karibu, watu watakusema hapohapo. Kwa usiku mji ni salama kwa ujumla, eneo la stesheni kuu tu ndilo la kuangalia pochi.

Nina watoto na bibi yao. Tunaweza?

Mnaweza. Msitembee duara lote. Asubuhi fanyeni Münsterplatz na soko, pumzikeni kwenye nyasi za Hofgarten mbele ya chuo kikuu (kimeanzishwa 1818, Karl Marx alisoma hapo mwaka mmoja 1835 hadi 1836, na kwenye nyasi hizohizo Oktoba 1981 walikusanyika watu kama laki tatu kupinga silaha za nyuklia), halafu pandeni tramu mpaka Rheinaue, watoto wakimbie, bibi akae kando ya ziwa. Pikipiki za umeme za kukodi za kusimama msiwape watoto. Bibi avae viatu vya kufunga, mawe ya mitaa ya katikati yanachosha nyayo.

Itanigharimu kiasi gani?

Kutembea kwenyewe, kanisa, mto, bustani na Haus der Geschichte ni bure. Unalipia nyumba ya Beethoven, chakula na tramu. Doner (mkate wa Kituruki wenye nyama ndani) ni kama yuro 7 au 8, kahawa 3 mpaka 4, ukikaa mgahawani jioni hesabu 20 na kuendelea kwa mtu. Beba na hela taslimu, vibanda na maduka ya mikate ya mtaani mengine hayachukui kadi za nje.

Nikipata siku ya pili?

Panda tramu 66 hiyohiyo kwenda kusini mpaka Königswinter, inafuata mto upande wa pili, halafu panda Drachenfels, mlima wa mita 321 wenye magofu ya ngome juu. Kwa miguu ni kama saa moja ya kupanda, au kuna treni ya meno inayofanya kazi tangu 1883, ya zamani kuliko zote za aina yake zinazotembea bado Ujerumani. Juu unaona Rhine inavyokata kona kuja Bonn. Kurudi, kati ya Aprili na Oktoba unaweza kupanda meli ya abiria kutoka Königswinter ikakushusha chini ya Alter Zoll, ratiba iangalie asubuhi kabla hujatoka maana za mwisho huondoka mapema kuliko watu wanavyodhani.